Fedha za Umma na Sauti ya Mkulima na Mchimba Dhahabu

Hotuba iliyosomwa na Kamati ya Mashamba na Migodi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri Kuu ilituagiza, sisi wajumbe wa Kamati ya Mashamba na Migodi, tuueleze mkutano huu kazi tuliyoifanya katika muda wa miaka miwili iliyopita, pamoja na mafundisho tuliyoyapata. Twaishukuru Halmashauri kwa heshima hiyo. Twaomba mtuvumilie, maana habari tunayoileta ni ya hesabu, na hesabu ni chakula kisichopendwa na wengi. Lakini asiyekila hulala njaa.

Kila mwaka katika taarifa ya Chama husomwa habari za misiba tuliyoisaidia, karo tulizolipa, na wagonjwa tuliowapeleka hospitali. Kazi hizo ni njema na hatuna nia ya kuziacha. Lakini tukiyatazama madaftari yetu ya zamani twaona jambo moja linalorudi tena na tena. Josho la ng'ombe likibomoka, twafanya harambee. Kivuko kikichukuliwa na maji, twafanya harambee. Kisima kikikauka, twafanya harambee tena. Na hao wanaochanga ni watu ambao wamekwisha kulipa. Mkulima akinunua sukari hulipa kodi. Akipeleka gunia la mahindi sokoni hulipa ushuru wa mazao. Kijana aliyepata kibali cha kuchimba dhahabu hulipa ada. Basi mara nyingi twachangishana ili tununue kwa mara ya pili kitu tulichokwisha kukinunua. Ndiyo sababu Kamati hii iliundwa: si kuomba hisani, bali kuuliza fedha zetu zimekwenda wapi, na kusema zingekwenda wapi kwa faida zaidi.

Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo twaijua sote, lakini katika mambo ya fedha za umma yafaa tuiongezee neno moja, yaani wakati. Anayekuwepo baada ya wakati, lake pia halipo. Hilo ndilo fundisho kubwa tulilokuja kuwaeleza.

Kwanza twataka kuwakumbusha habari moja ya kale, ili vijana wasidhani kwamba haki ya kuulizwa ni kitu kidogo. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Sheria ile iliahidi kwamba ardhi ikitolewa katika hifadhi za Waafrika, itaongezwa ardhi nyingine mahali pake, na kwamba Baraza la Wenyeji la mahali hapo litaulizwa kwanza. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, na watu wa kutafuta utajiri wakamiminika huko. Basi Desemba 1932, kabla wino wa ahadi haujakauka vizuri, sheria ikabadilishwa. Ardhi iliweza kuchukuliwa kwa ajili ya dhahabu bila kutolewa ardhi nyingine badala yake, fidia ikawa ya fedha, na ile lazima ya kuliuliza Baraza ikaondolewa. Wazee wetu walikuwa na mashamba, tena walikuwa na dhahabu chini ya mashamba, lakini hawakuwa na kiti mahali palipokatwa shauri. Waliyoyalima na yaliyochimbwa yote mawili yaliamuliwa na wengine.

Leo sheria ni nyingine. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, imeweka kwamba mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi, kwa uwajibikaji, na kwa kuwashirikisha wananchi. Katiba hiyo hiyo iliunda kaunti 47, ikazikabidhi kazi nyingi zinazomgusa mkulima mdogo: kilimo cha mimea na ufugaji, udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama, masoko, na barabara za kaunti. Tena imeamuru kwamba sehemu isiyopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa igawiwe kaunti. Kwa hiyo Bwana Shamba asipoonekana kijijini, swali letu halina haja ya kusafiri hadi Nairobi. Jibu liko karibu na nyumbani, katika kitabu cha makisio ya kaunti.

Lakini haki iliyoandikwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani. Halilimi lenyewe. Sisi tulilichukua jembe hilo kwa mara ya kwanza vibaya, na yafaa tuungame mbele yenu.

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, tulisikia kwamba katika kaunti mojawapo tunakotoka, ambayo hatutaitaja hapa, kutakuwa na baraza la wananchi kuhusu makisio ya mwaka unaofuata. Tulikodi gari, tukawachukua wakulima na wachimbaji, wazee kwa akina mama, tukafika ukumbini mapema. Tulisema mengi siku ile. Mzee mmoja alieleza habari za josho lililobomoka. Mama mmoja alieleza jinsi watoto wanavyoteka maji katika mashimo ya dhahabu yaliyoachwa. Kijana mmoja akataka barabara, mwingine soko, mwingine zahanati. Watu walipiga makofi. Afisa aliyekuwa mezani aliandika, akatushukuru kwa adabu sana, kisha akasema, "Haya yote ni mazuri, lakini hayamo katika mpango." Tukapewa soda na mkate, tukarudi. Julai makisio yalipotoka, hapakuwa na mstari hata mmoja wa yale tuliyoyasema.

Katika gari wengine walikasirika, wakasema serikali ni ile ile. Mzee wa josho ndiye aliyetuuliza swali lililotupa njia. Alisema: "Huo mpango aliousema, uliandikwa lini, na sisi tulikuwa wapi?" Hapakuwa na mtu aliyejua. Basi tukaenda kutafuta, na haya ndiyo tuliyoyakuta katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Lakini makisio yake hayaanzi Julai, wala hayaanzi Aprili. Huanza karibu mwaka mzima kabla yake. Ifikapo tarehe 30 Agosti, hazina ya kaunti hutoa waraka unaozieleza idara zote ratiba ya kazi, pamoja na jinsi wananchi watakavyoshirikishwa. Ifikapo tarehe 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti. Hapo ndipo miradi hutajwa. Ifikapo tarehe 28 Februari, hupelekwa taarifa ya sera ya fedha, na hapo ndipo kila idara huwekewa kikomo chake: kilimo kiasi hiki, afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Ifikapo tarehe 30 Aprili, makisio yenyewe hufikishwa bungeni, na hapana budi yapitishwe kabla ya tarehe 30 Juni. Juu ya hayo yote kuna mpango mkubwa wa miaka 5. Ule wa 2023 hadi 2027 ni wa tatu tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, na unaofuata utaanzia 2028. Mradi ambao haumo katika mpango wa miaka 5 hupata shida kuingia katika mpango wa mwaka, na usiomo katika mpango wa mwaka hupata shida zaidi kuingia katika makisio.

Sasa mwaweza kuona kosa letu. Sisi tulifika Aprili, chakula kimekwisha kuiva, tukaanza kujadiliana juu ya mbegu za kupanda. Hatusemi kwamba afisa yule hakuwa na lawama. Yeye alijua kalenda, angaliweza kutuambia mapema. Lakini shamba letu tungalilipanda kwa majira tunayoyajua, na majira ya fedha nayo yatupasa kuyajua vivyo hivyo.

Na msidhani kwamba kuchelewa ni jambo la wakulima peke yao. Juni 2024 nchi nzima iliona vijana wakitoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Mswada uliondolewa, lakini baada ya watu kuuawa. Hatuwalaumu vijana wale. Walitumia mlango waliouona. Twasema tu kwamba nchi ambayo wananchi wake husikilizwa Septemba na Februari haina haja ya kumwaga damu mwezi wa Juni.

Mwaka uliofuata tulifanya kwa namna nyingine. Mwezi wa Julai tuliwakusanya watu wa kijiji kile kile chini ya mti, tukawaomba wachague jambo moja. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Kila mtu alikuwa na lake, na kwa haki. Mwishowe josho lilichaguliwa, maana ndigana kali ilikuwa imemaliza ndama wengi, na ng'ombe ndiye benki ya mkulima mdogo. Kisha tukahesabu nyumba zenye ng'ombe, tukapima mwendo wa kwenda josho jingine lililo karibu, tukamwomba fundi mwashi akisie gharama, tukaandika yote katika ukurasa mmoja. Ukurasa ule tuliupeleka Agosti, tukaomba upigwe muhuri wa kupokelewa, nakala tukabaki nayo. Februari tulirudi kuuliza kikomo cha idara ya mifugo. Aprili tukaomba kitabu cha makisio chenyewe.

Kitabu hicho hakikupatikana kwa urahisi. Mlango wa kwanza walituelekeza wa pili, na wa pili wakaturudisha wa kwanza. Hapo tukatumia haki nyingine. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imempa afisa siku 21 za kujibu. Asipojibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tuliandika barua fupi, yenye heshima, tukitaja sheria hiyo na tarehe. Kitabu kikapatikana kabla siku hazijakwisha. Josho letu lilikuwamo, mstari mmoja, katikati ya mistari mingi.

Mabibi na Mabwana, josho lile lilitengenezwa. Saruji ni mpya, paa ni jipya, na bango la mradi limesimamishwa. Tungependa kuishia hapo, tupokee makofi yenu. Lakini ukweli ni kwamba siku ya kwanza ng'ombe walipoletwa hapakuwa na dawa ya kupe. Tulikuwa tumeomba kujengewa. Hatukuomba josho liendeshwe. Makisio ya serikali yana mifuko miwili: mfuko wa maendeleo, ambao hujenga na kununua vitu vya kudumu, na mfuko wa matumizi ya kawaida, ambao hulipa mishahara, dawa, mafuta ya pikipiki ya Bwana Shamba, na mambo ya kila siku. Sheria yataka angalau asilimia 30 ya makisio, kwa kipindi cha miaka kadhaa, iende katika maendeleo, na kila mwanasiasa hupenda kufungua jengo. Lakini josho bila dawa ni shimo la maji, na zahanati bila muuguzi ni nyumba ya popo. Tangu siku ile, kila ombi linalotoka katika Kamati yetu huwa na sehemu mbili: gharama ya kujenga, na gharama ya kuendesha kila mwaka pamoja na jina la idara itakayolipa. Dawa ya josho imo katika ombi la mwaka huu. Mpaka itakapopatikana, wenye ng'ombe wanachanga wenyewe, na Chama kimewasaidia.

Yatupasa sasa kusema juu ya wachimba madini, maana baadhi yenu huuliza kwa nini tumewaunganisha na wakulima, na hali hawa na wale hugombana. Ni kweli wanagombana. Mwenye shamba hulalamika kwamba mashimo huachwa wazi, ng'ombe huanguka, na maji huchafuliwa na zebaki inayotumiwa kukusanyia dhahabu. Mchimbaji hulalamika kwamba yeye huitwa mhalifu, na hali ndiye anayelipa karo za watoto wa kijiji. Lakini tulipoenda nyumba kwa nyumba tuliona kwamba mara nyingi hao ni watu wamoja. Mume yuko shimoni, mke analima. Au mke ndiye anayeponda mawe ya dhahabu wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha hushika jembe. Tulipowaketisha pamoja na kuwauliza ni jambo gani moja wangetaka kutoka kwa serikali, pande zote mbili zilisema maji safi, ya kunywa watu na mifugo, mbali na mashimo. Ombi hilo la kisima limekwisha kuandikwa, na limetiwa sahihi na wenye mashamba na wachimbaji katika karatasi moja. Kwetu sisi karatasi hiyo ni faida hata kabla kisima hakijachimbwa.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yafaa ijulikane na kila mtu anayekaa karibu na mgodi. Mrabaha ni fedha anazolipa mwenye mgodi kwa sababu anachukua mali ya nchi. Sheria imeugawanya hivi: katika kila shilingi 100 za mrabaha, 70 ni za Serikali Kuu, 20 ni za kaunti, na 10 ni za jamii ya mahali panapochimbwa. Mbali na hizo, mwenye leseni ya mgodi mkubwa hana budi kufanya mapatano ya maendeleo na jamii, na kutumia kila mwaka angalau asilimia 1 ya mapato ghafi ya mauzo yake kwa miradi ya jamii hiyo. Watu huzichanganya fedha hizi mbili, na mchanganyiko huo una hasara. Ile asilimia 1 hutoka kwa kampuni, na huamuliwa na kamati ya mapatano ambamo jamii ina wajumbe. Ile sehemu ya 10 ni fedha ya umma. Hupita katika hazina, na kwa hiyo hapana budi ifuatwe katika makisio na katika ukaguzi. Anayeidai kwa kampuni amegonga mlango usio wake.

Tazameni mfano wa Kwale. Mgodi wa titani wa huko ulianza kutoa madini mwishoni mwa mwaka 2013, na meli ya kwanza ikapakia Likoni Februari 2014. Sheria ya kuipa jamii sehemu yake ikaja mwaka 2016. Lakini kuandika sehemu katika sheria ni jambo moja, na kuifikisha ni jambo jingine: ni nani hasa jamii, fedha zipitie mfuko gani, nani atie sahihi? Maswali hayo yalichukua miaka, na mchanga ulikuwa ukichimbwa na kusafirishwa wakati wote huo. Desemba 2024 uchimbaji ulikwisha. Shamba la mahindi likikosa mbolea mwaka huu, mwakani litapandwa tena. Lakini madini yakiondoka hayaoti tena. Kwa hiyo jamii ya mgodi haina anasa ya kungoja. Maswali ya mfuko, wajumbe na sahihi yataka yajibiwe wakati mashine ziko kazini, si baada ya malango kufungwa.

Wenzetu wa nchi nyingine wamejaribu njia zao. Tanzania, halmashauri za wilaya hutoza ushuru wa huduma juu ya mauzo ya kampuni, migodi ikiwamo. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 kampuni ya madini haina budi kukubaliana na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa huduma zake kwa jamii. Ghana, Katiba yao huzigawa fedha zitokanazo na ardhi za jadi baina ya viti vya machifu, mabaraza ya jadi na mabaraza ya wilaya. Na mwaka 2016 bunge lao likapitisha sheria ya mfuko wa maendeleo ya madini, ambamo uliwekwa mpango wa jamii zinazoizunguka migodi. Njia ni mbalimbali, lakini somo ni moja: fedha ikishafika kwa chifu au kwa halmashauri, safari yake haijakwisha. Bado kuna mwendo wa kutoka ofisini hadi kijijini, na katika mwendo huo wa mwisho ndimo nyingi hupotelea.

Kwa upande wa kilimo, viongozi wa Afrika walikutana Maputo mwaka 2003 wakaahidi kwamba kila nchi itatoa angalau asilimia 10 ya bajeti yake kwa kilimo. Walirudia ahadi hiyo Malabo mwaka 2014. Nchi nyingi hazikuifikia, na Kenya yetu ni mojawapo. Ahadi za namna hiyo zatupa neno la kusema barazani. Lakini hata asilimia 10 ingefikiwa, swali la mkulima lingebaki: katika hizo, ngapi ni za ofisi na magari, na ngapi zitafika shambani kama mbegu, chanjo na ushauri? Yafaa tujifunze kuuliza swali hilo la pili.

Wengine wenu mtauliza: je, tukiisha kuona mstari wetu katika makisio, kazi imekwisha? Haijakwisha. Kila robo ya mwaka kaunti hutoa taarifa ya fedha zilizopokelewa na zilizotumiwa, na Msimamizi wa Bajeti hutoa taarifa yake kwa nchi nzima. Baada ya mwaka kwisha, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti. Ripoti hizo huandikwa kwa Kiingereza kigumu, lakini katika Chama hiki tuna walimu, makarani na wahasibu waliostaafu. Twawaomba hao watusomee, na kuzifasiri kwa lugha ya nyumbani, ili mama wa sokoni ajue kwamba barabara aliyoahidiwa ilitengewa fedha na fedha hazikutumika, au zilitumika na barabara haipo. Kadhalika, sheria imeweka katika kila kaunti baraza la bajeti na uchumi, ambalo mwenyekiti wake ni gavana, na ambamo wamo wawakilishi wa akina mama, wafanyakazi, wafanyabiashara, wazee, watu wenye ulemavu na dini. Wajumbe hao hupendekezwa na vyama. Sisi nasi ni chama, na hatujapata kumpendekeza mtu.

Bwana Mwenyekiti, kuna neno moja zito ambalo lazima tuliseme kabla hatujamaliza. Tulipokwenda kudai kitabu cha makisio, karani mmoja alituuliza kwa kicheko: "Na nyinyi, hesabu za chama chenu mwazibandika wapi?" Tulikosa jibu. Hesabu zetu husomwa mara moja kwa mwaka katika mkutano kama huu, upesi upesi, wakati watu wanatazama saa na kusubiri chakula. Wanachama wa matawi ya nyumbani, ambao hutoa michango yao kama sisi, hawazioni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo halikusemwa juu ya serikali peke yake. Hatuwezi kulishika shoka la uwazi kwa mpini tu, na kukataa makali yake yasielekee kwetu. Kwa hiyo Kamati hii imeanza kwa kuzibandika hesabu zake yenyewe, mapato na matumizi, pamoja na kodi ya lile gari la safari ya Aprili iliyokwenda bure, katika mlango wa kila tawi.

Basi twauomba mkutano huu ukubali mambo manne. La kwanza, kila tawi lichague watu watatu, mmoja wao awe mwanamke na mmoja kijana, wa kuifuata kalenda ya fedha tangu Agosti hadi Juni. La pili, kila ombi liwe la jambo moja, ukurasa mmoja, lenye gharama ya kujenga na gharama ya kuendesha, na lipelekwe kabla ya Septemba. La tatu, panapokuwa na machimbo, wakulima na wachimbaji wakae katika kamati moja, wala pasiwe na ombi la upande mmoja linalopita kwa jina la Chama. La nne, hesabu za Chama zibandikwe matawini kila robo ya mwaka, kama tunavyoitaka serikali ifanye.

Hatuwaahidi utajiri. Katika miaka miwili tumepata josho moja lisilo na dawa, barua moja iliyojibiwa, na karatasi moja yenye sahihi za watu waliokuwa hawasalimiani. Ni haba, na haba na haba hujaza kibaba. Lakini tukikumbuka Kakamega ya mwaka 1932, ambako ahadi ya kuulizwa ilifutwa mara tu dhahabu ilipoonekana, twaona kwamba kuulizwa ni mali, tena ni mali ambayo wazee wetu walinyang'anywa. Sisi tumerudishiwa. Ikipotea tena kwa sababu tulikuwa tumelala mwezi wa Agosti, wajukuu wetu hawatakuwa na mkoloni wa kumlaumu.

Yule mzee wa josho ametutuma salamu kwenu. Alitaka kuja mwenyewe, lakini leo ndiyo siku ya kuogesha ng'ombe, na zamu ya kununua dawa ni yake.